Alichokataa Kusema Nahodha Mmanga

Kwa miaka kumi na moja watoto wa Kisiwa Panza walikuwa na jina la kumwitia Nahodha Mmanga pindi akishawapa mgongo: Nfungulie. Usoni hawakuthubutu. Walisubiri apite na makasia begani mpaka afike kona ya msikiti, kisha mmoja wao huita kwa sauti nyembamba ya kujiliza, "Mama, nfungulie," na kundi zima likatawanyika vichochoroni. Wengi wao walikuwa hawajazaliwa siku jina hilo lilipoanza. Walilipokea kwa kaka zao kama walivyopokea kaptula zao.

Mmanga hakuwahi kugeuka. Hakukimbiza mtoto, wala hakwenda kumshtaki mtoto kwa mzee wake. Alikuwa mtu wa mwendo mmoja, mrefu, mkavu, na bega la kulia limeshuka kidogo kwa miaka mingi ya kuvuta mishipi. Alisoma mpaka darasa la saba, akatoka na hati nzuri ya mkono na akili ya kukumbuka saa za maji kujaa na kutoka bila kuangalia popote. Chombo alirithi kwa baba yake. Kwa baba yake pia alirithi sheria moja ya mabaharia wa kisiwa kile, ambayo haikuandikwa mahali: mtu akimwokoa mwenzake baharini, akifika pwani husema upepo, saa, mahali na idadi ya watu. Alivyomkuta mtu yule, amelia, amejikojolea, ameapa nini, ameita nani, hasemi. Hasemi barazani, hasemi kitandani, wala hasemi miaka ikishapita na watu wakashazeeka.

Sheria hiyo Masoud aliivunja.

Ilikuwa Machi mwaka 2012. Mmanga alikuwa na miaka arobaini na tatu, ametoka peke yake, na mashua ikampindukia katika mkondo wa nje. Alikaa juu ya tumbo la chombo kilichogeuka tangu asubuhi mpaka alasiri, jua la utosini, maji ya kunywa hana. Nahodha Masoud ndiye aliyemkuta. Wakati huo akili ya Mmanga ilikuwa imeshahama. Alikuwa akigonga ule ubao wa chini wa chombo kwa kifundo cha mkono, taratibu, kama abishaye hodi, na kumwita mama yake, ambaye alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma: "Mama, nfungulie. N'mie. Nfungulie." Masoud alimpandisha, akampa maji kidogo kidogo kama inavyotakiwa, akamfunika, akamrudisha kwao mzima. Mpaka hapo hakuna nahodha ambaye angefanya vizuri zaidi.

Siku ya tatu, barazani kwa Haitham muuza kahawa, Masoud alihadithia. Hakuwa na nia mbaya, ndivyo alivyo, mtu wa maneno na vichekesho. Akainama, akagonga benchi, ko, ko, ko, akaigiza ile sauti. Watu wakacheka mpaka vikombe vikamwagika. Kabla ya magharibi watoto walikuwa nalo.

"Angenicheka mie, ningecheka naye," Mmanga alimwambia mkewe, Bi Time, usiku ule. "Mamangu ndiye aliyemtia midomoni mwa watoto."

Tangu hapo hakumsemeza Masoud. Shehe wa msikiti alimwita, akamkumbusha kuwa si halali Muislamu kumnunia nduguye zaidi ya siku tatu. Mmanga akauliza kwa adabu ni kipi cha chini kabisa kinachomtoa mtu katika dhambi hiyo. Shehe, bila kujua anaingizwa wapi, akasema salamu. Basi kwa miaka kumi na moja Mmanga alimsalimu Masoud kila alipokutana naye, salamu kamili, na rehema zake na baraka zake, haikupungua herufi. Masoud akaijibu kamili vilevile. Baada ya hapo kila mtu akatazama upande wake.

Taabu ilikuwa kwamba walifunga vyombo pwani moja. Mambo ya kuambiana hayaishi. Aliyeumia ni Jabir, mpwawe Mmanga na baharia wake.

"Jabir, mwambie nahodha nanga yake imelala juu ya kamba yangu."

Masoud yuko hatua mbili. "Jabir, mwambie nimesikia, naja kuiondoa."

"Sasa kama mnasikilizana," Jabir husema, "mie nabeba nini hapa?"

"Beba huo upo wa kutolea maji," Mmanga hujibu, "uutie chomboni."

Jumatano ya tarehe 16 Agosti 2023, Mmanga alitoka baada ya sala ya alfajiri na boti yake, Kheri, ya mbao, futi ishirini na nne, yenye mashine ya nyuma ya nguvu za farasi kumi na tano. Walikuwa watatu: yeye, Jabir, na Adriano, mtu wa makamo kutoka upande wa ziwani huko bara, aliyekuja Pemba kama fundi wa mashine za boti, akaoa, akabaki. Kusi ilivuma ya kawaida mpaka saa tatu, kisha ikaanza kuja kwa mafungu, kila fungu kubwa kuliko lililotangulia. Mmanga akasema inatosha. Walikuwa wanakunja mishipi Jabir alipoona shati likipungwa juu ya kasia, upande wa chini wa upepo, karibu na mwamba wa nje ambako mawimbi huvunjika meupe.

Mmanga akatazama saa yake. Saa nne na dakika ishirini.

"Nipe Nafasi ile," Jabir akasema. Hilo ndilo jina lililoandikwa ubavuni mwa boti ya Masoud. Alimtazama mjomba wake usoni kidogo, akatafuta jambo pale, asilione.

"Washa," Mmanga akamwambia Adriano.

Walipokaribia wakaona mambo yalivyo. Boti ya Masoud ilikuwa imezibwa nyufa kwa kalafati wiki ile, ikarudishwa majini mapema kabla haijakaa sawa, na sasa imefunguka ubavuni. Imejaa maji mpaka kingo, mashine imekufa, upepo unaisukuma mwambani. Masoud alikuwa nyuma, amekumbatia mashine kwa mikono miwili. Mkwewe, Ishak, aliyemwoa binti yake mwaka uliopita, alikuwa mbele na lile kasia lenye shati.

Kwenda ubavuni haikuwezekana. Wimbi lingezipiga boti mbili zikavunjana zote. Mmanga akapanda juu ya upepo, akatia nanga, akaanza kulegeza kamba ili Kheri irudi kinyumenyume, pima kwa pima, mpaka iwafikie.

"Nahodha," Jabir akasema, kamba ikimpita mikononi, "nanga hino ikikokota twenda wote mwambani."

"Basi iombee isikokote. Legeza."

"Huyu ndiye aliyekutangaza—"

"Jabir, legeza kamba."

Kwa pima thelathini na tano walikuwa karibu. Adriano akarusha dumu tupu lililofungwa kamba. Ishak akalidaka, akajirusha, wakamvuta ndani akiwa anatapika maji ya chumvi. Ikabaki zamu ya Masoud. Dumu likarushwa mara tatu, mara ya tatu likamgonga begani. Hakulishika. Macho yalikuwa wazi, lakini mikono ilikuwa imeganda pale kwenye mashine.

Mmanga alifungua mdomo, na miaka kumi na moja ikamtoka yenyewe: "Ishak, mwambie nahodha wako ashike kamba."

"Anakusikia mwenyewe, Nahodha!" Ishak akalia kutoka sakafuni mwa boti.

"Hashiki."

Basi akajifunga kamba kiunoni, akamwambia Adriano mashine isizimwe kwa lolote, akaingia majini. Alimfikia, akambandua kidole kimoja kimoja. Mara vidole vilipoachia mashine, vilimkamata yeye shingoni. Na hapo Masoud, aliyemzidi Mmanga miezi minne kwa umri, akaanza kusema, mdomo sikioni mwake: "Baba. Baba Mmanga, usiniwache. Nsamehe, baba. Nsamehe, usiniwache." Hakunyamaza walipovutwa, wala alipopandishwa. Ndani ya boti alimshika Mmanga mguu wa kushoto, akauegemeza uso wake pale, akaendelea, baba, baba, muda wote Jabir na Adriano walipokuwa wakivuta kamba na kung'oa nanga, muda wote wa kuuzunguka mwamba, mpaka maji yakatulia.

Mmanga alisema mara moja tu. "Jabir, mfunike."

Kabla ya kufika pwani, nyuma ya mikoko, mahali ambapo watu wa kisiwani hawawaoni, akaamuru mashine izimwe.

"Kuna nini?" Adriano akauliza.

"Hakuna kitu. Tunangoja nahodha ajiweke sawa."

Masoud alikuwa amenyamaza chini ya turubai. Wakamwacha. Baada ya muda mkono ukatoka, ukachota maji, ukarudi ndani. Akasikika akinawa uso.

"Pwani watauliza," Mmanga akawaambia watu wake wawili, kwa sauti ya kawaida, hakujali nani mwingine anasikia. "Watakuulizeni mmoja mmoja. Semeni: kusi, saa nne na dakika ishirini, mwamba wa nje, watu wawili, wazima. Basi."

"Na lile la baba?" Jabir akauliza.

"Lipi?"

"Lile, mjomba. Kakwita—"

"Mie sikusikia."

"Alikuwa kakukaba shingo, mdomo ndani ya sikio."

"Kulikuwa na upepo."

Adriano akatikisa kichwa. "Nahodha, mimi ni mgeni, nisaidie. Yeye alipokuokoa si alikutangaza kisiwa kizima? Kwetu ziwani leo ungekuwa umeshalipwa. Unakwenda kahawani, unasema mara moja tu, limekwisha."

"Ndiyo maana huko kwenu hakuna anayemwamini mwenzake hata kwa mshipi mmoja," Mmanga akasema. Jabir akacheka. Mmanga hakucheka. "Yeye aliivunja sheria. Mie sikuivunja. Akifa kesho, mie bado sikuivunja. Washa mashine."

Turubai likafunuka. Masoud akakaa, akafunga msuli wake kiunoni vizuri, akasema kwa sauti iliyopasuka, "Mmanga..."

Mmanga akatazama mbele. "Jabir, mwambie nahodha tumefika. Ashuke yeye mwanzo."

Na Masoud akashuka mwanzo, kwa miguu yake, mbele ya watu.

Siku ile ile, baada ya alasiri, baraza la Haitham lilijaa kuliko siku ya mechi. Haitham mwenyewe alikipangusa kikombe cha Mmanga mara mbili. Alikuwepo mwaka 2012, na alikuwa miongoni mwa waliocheka.

"Haya, Nahodha," akasema. "Leo zamu yako. Sie tumeweka masikio tu."

Mmanga akanywa fundo. "Ilikuwa kusi. Saa nne na dakika ishirini. Mwamba wa nje. Watu wawili, wazima."

"Na kisha?"

"Kisha tukarudi."

"Yakhe, Mmanga, usitufanye hivyo. Masoud kapita hapa kama maiti. Kalia? Kaita nani?"

"Kahawa yako leo nyepesi, Haitham," Mmanga akasema, akaweka kikombe, akaondoka.

Nyumbani haikuwa rahisi zaidi. Bi Time alimwekea chakula, akakaa mbele yake asile.

"Jabir kaja hapa," akasema. "Kakaa pale, anaumwa na tumbo la maneno. Kaniambia kuna jambo ila umemfunga."

"Jabir ana njaa. Mpe chakula."

"Mmanga. Miaka kumi na moja nasikia mama mkwe wangu akiitwa njiani na watoto wasio na adabu. Yule mama alinipokea mie katika nyumba hii, akanifundisha hata kusonga ugali wenu mgumu. Neno moja tu. Wewe useme neno moja, wazibwe midomo wote."

"Halitawaziba. Watapata la pili."

"Basi wawe nayo mawili. Mbona letu lipo peke yake?"

Mmanga akaosha mikono taratibu. Hasira ilikuwapo, Time aliiona kwenye mishipa ya shingo. Hakuwa mtu aliyesahau. Kila mtoto aliyeita njiani alimhesabu.

"Nikilisema," akasema, "kesho mie ndiye Masoud. Sitaki. Sitafanana na yule hata kwa dakika moja."

Wiki ya pili akaja Bi Conchesta, mtumishi wa mradi mmoja wa usalama wa wavuvi, mwanamke wa bara, mtaratibu, anayeandika kila kitu kwenye daftari la mistari. Alikuja na jaketi okozi sita ndani ya mfuko, na shehe akamsindikiza. Mmanga alimpokea vizuri, akamwekea kiti, akamweleza kwa ukamilifu ambao haukuwa umewahi kupatikana katika mradi ule: upepo ulivyobadilika na saa ngapi, nanga ilitiwa wapi, kamba pima ngapi, kwa nini mtu asiende ubavuni. Akamchorea. Bi Conchesta akafurahi.

"Na nahodha mwenzako," akauliza, kalamu tayari, "alikuwa katika hali gani?"

"Alikuwa majini."

"Ndiyo, lakini hali yake. Alikuwa ametulia? Alikuwa na hofu? Inatusaidia kwenye mafunzo."

"Andika alikuwa amerowa."

Shehe akakohoa. Bi Conchesta akatabasamu kidogo, akaandika, kisha akaeleza ombi lake la pili: wafanye hafla ndogo pwani, manahodha wawili wapeane mikono, ipigwe picha, jaketi zikabidhiwe. Shehe akaingia hapo hapo. "Mmanga, mwanangu, hii ni neema imejileta. Umemtoa mtu katika kifo. Kimebaki nini cha kununiana?"

"Shehe, kumtoa majini ni kazi. Ningemtoa hata angekuwa mbuzi wa watu."

"Astaghafirullah."

"Simfananishi na mbuzi. Nasema kwamba sikumfanyia hisani mtu. Mkitupiga picha tumeshikana mikono, watu watasema Mmanga kamwokoa Masoud kwa kuwa ana moyo mzuri. Sina moyo mzuri. Hata kesho nikimkuta namtoa, na bado sitamsemeza. Baharia akifikiri kuwa mtu huokolewa kwa mapenzi, siku hana mapenzi na mtu atamwacha." Akamgeukia Bi Conchesta. "Jaketi mpe Masoud mwanzo. Chombo chake ndicho kilichofunguka. Picha, hapana. Nisamehe, mama."

Bi Conchesta alifunga daftari. "Basi hakuna picha," akasema, na Mmanga akamheshimu kwa kutobembeleza.

Aliyekuwa hapati usingizi ni Masoud. Hakuonekana barazani. Ijumaa mbili alivuka kwenda kusali ng'ambo. Boti yake ililetwa pwani na watu, ikalazwa ubavu, na hakuigusa. Kila walipozungumza watu wawili akapita, alidhani limeshasemwa, na kila alipojua kwamba halijasemwa akadhani linawekwa, kama samaki anayekaushwa, litolewe siku mbaya zaidi: siku ya harusi ya mwanawe, siku ya maziko. Yeye mwenyewe angefanya hivyo, na alijijua.

Alhamisi jioni akateremka pwani. Mmanga alikuwa akikaza kamba ya nanga, Jabir pembeni anasafisha chambo. Masoud akatoa salamu kamili. Mmanga akajibu kamili. Kwa mazoea ilitakiwa iishie hapo.

"Jabir," Masoud akasema, "muulize nahodha anasubiri nini."

Jabir akainua macho, kisu mkononi. "Mjomba, anauliza—"

"Mwambie sisubiri kitu."

"Mwambie aseme. Aseme tuishe. Nachoka. Nikilala nasikia kesho atasema."

"Mwambie alale."

"Mwambie siitaki huruma yake." Sauti ya Masoud ilipanda. "Mwambie sikumwomba anifichie kitu. Sitaki kuwa na kitu changu mfukoni mwa mtu."

Jabir alikuwa ameweka kisu pembeni na kufuta jasho. "Mie naona niende nikaswali," akasema.

"Kaa hapo," wakasema wote wawili kwa pamoja.

Mmanga akasimama. Kamba iliyorowa ilimning'inia mkononi. "Jabir, mwambie hivi. Mwambie si huruma. Sijamwonea huruma hata kidogo. Mwambie aliyoyasema majini siyahesabu, mazuri wala mabaya, maana majini mtu humwita hata papa mjomba wake. Lake mie sina. Lipo kule mwambani. Na mwambie hatanilazimisha niivunje sheria aliyoivunja yeye, hata akija hapa kila jioni na kunitukana. Mie nilizaliwa na baba mmoja na mama mmoja, na mama yule ana jina lake."

Masoud akageuka, akapanda njia. Hakumwambia Jabir kitu cha kupeleka.

Kesho yake, Ijumaa, tarehe mosi Septemba, alisali msikiti wa kisiwani. Baada ya sala watu wakaenda kwa Haitham, na Masoud akaenda nao. Suruali yake ilikuwa na mchanga magotini, na Ishak, aliyekuja nyuma yake, alikuwa na jembe. Mmanga alikuwa amekaa pembeni mwa benchi na kikombe chake. Masoud hakukaa.

"Haitham, usimimine kwanza," akasema. "Nina la kusema, na nalisema hapa kwa kuwa lile la mwanzo nililisema hapa."

Haitham akasita na dele lake la kahawa.

"Mwaka ule niligonga benchi hili, mkacheka. Leo mtacheka tena, sawa. Siku chombo kilipofunguka niliikumbatia mashine kama mtoto. Kamba nilitupiwa mara tatu, sikuishika. Mmanga aliingia majini kunibandua, na nilimshika shingo nikamwita baba. Nilimwita baba tangu mwambani mpaka kwenye mikoko, na mguu wake nimeukumbatia. Ishak alikuwepo, kanistahi kwa kuwa mie mkwewe. Jabir alikuwepo. Yule wa bara alikuwepo." Akamwonyesha Mmanga kwa kidevu. "Na huyu hapa hakusema. Wiki mbili nimengoja aseme. Mie ningesema siku ya tatu. Nilisema siku ya tatu."

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja alikuwa akitazama kofia yake mapajani.

"Mama yake mtu alikuwa amelala makaburini kwa heshima yake," Masoud akaendelea, "mie nikamtoa nikamtia njiani, aitwe na watoto. Asubuhi hino nimetoka kulifyeka kaburi lake. Nimemtaka radhi yeye mwanzo. Nyinyi ni wa pili. Na mwana wa mtu yeyote nitakayemsikia anaita jina lile, nitampeleka mwenyewe kwa baba yake kwa sikio."

Haitham alikuwa bado ameshikilia dele hewani. Akamgeukia Mmanga. "Kweli, Nahodha? Ndivyo ilivyokuwa?"

Mmanga alizungusha kikombe kidogo kidogo. Watu wote wakamtazama, na Jabir zaidi ya wote, maana maneno yalikuwa yamemfika kooni.

"Sikusikia," akasema. "Kulikuwa na upepo."

"Ama!" Jabir akasema, akajishika kichwa.

Mtu akacheka huko nyuma, kisha wa pili. Masoud hakucheka. Alikuwa mwekundu macho. "Natoa siri yangu mbele ya umma," akasema, "na wewe unanifanya mwongo?"

Hakumwambia Jabir safari hii. Alikuwa anamtazama Mmanga.

"Masoud," Mmanga akasema, na baraza zima likasikia kwamba limesemwa jina, "kaa kitako. Umesema vya kutosha. Haitham, mpe kahawa."

Masoud akakaa, si karibu sana. Haitham akamimina. Wakanywa wote wawili, na wengine wakanywa vilevile, kila mmoja akijifanya hana analolitazama. Mwishowe Mmanga akachungulia juu ya mapaa, kwenye minazi.

"Kusi hii kesho italegea," akasema, bila kumwambia yeyote.

"Hailegei," Masoud akasema. "Siku nne bado."

"Siku nne za wapi? Tazama minazi."

"Natazama. Wewe ndiye usiyeiona minazi."

Wakabishana mpaka adhana ya alasiri, na hakuna aliyekubali.